Pilipili ya ukwaju ya bibi: vipimo ninavyo, lakini kuna kitu kimepotea njiani

BintiWaKuze

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo.

Bibi yangu aliuza viazi karai na mihogo barazani kwetu Kuze kwa miaka mingi, kuanzia alasiri mpaka baada ya isha. Viazi karai kila mtaa wa Mombasa vipo. Kilichowatoa watu Kibokoni na Makadara wakaja kusimama kwake na vibakuli mkononi ni pilipili yake ya ukwaju. Ilikuwa nzito, nyekundu ya kuiva sana, inakukuta kwa uchachu, halafu utamu kidogo, kisha moto unapanda nyuma ya koo taratibu na kukaa. Aliitia kwenye chupa za sharubati na kuzipanga kabatini. Friji hatukuwa nayo, na sikumbuki chupa hata moja iliyoharibika.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Mamangu anaijua, lakini viungo vya vidole vimemvimba na mchi haushiki tena. Basi tangu Shaabani imeingia namkalisha jikoni juu ya kigoda, yeye asema, mimi natenda. Kila anachokichota kwa kiganja nakipitisha kwenye mizani kabla hakijaingia chunguni. Siku ya kwanza hakupendezwa, aliona kama nautilia shaka mkono wake. Nikamwambia, mama, mkono wako leo ninao, nautaka na wajukuu zako wawe nao.

Nilichokipata mpaka sasa ni hiki, kwa chupa mbili za nusu lita. Ukwaju gramu 250 pamoja na kokwa zake, uloweke kwa vikombe vitatu vya maji moto, uuvuruge kwa mkono na kuuchuja. Tungule (nyanya) zilizoiva nusu kilo, zichomwe juu ya makaa mpaka ngozi iwe nyeusi, kisha ziambuliwe. Pilipili kali nyekundu gramu 150. Thomu (kitunguu saumu) gramu 50, nayo ichomwe na maganda yake kwenye jivu la moto. Sukari guru gramu 80, chumvi gramu 25, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, ikaangwe kavu na kutwangwa. Pilipili na thomu hutwangwa kwenye kinu pamoja na chumvi, tungule zifuate, halafu vyote viingie kwenye ukwaju na kupikwa moto mdogo mpaka ukipitisha mwiko chini ya chungu njia ibaki wazi kidogo kabla haijajifunga.

Nimeipika mara tatu. Ladha iko karibu, lakini ile harufu yake, iliyokuwa ikitangulia kabla hujaonja, haipo. Tena mara ya kwanza na ya pili, siku ya tano au ya sita, chupa imefanya povu na kifuniko kimepuliza nilipokifungua. Mara ya tatu ilibaki na uchungu wa ajabu. Mama anaonja, anatikisa kichwa, asema "bado", na akiulizwa bado nini, hajui kulitaja.

Mwenye ujuzi naomba anisaidie. Sitaki kuipoteza hii.

UmmKarai

Wa aleikum salaam dada. Mimi nauza viazi karai na bajia Majengo, mwaka wa kumi na moja huu. Yangu naipika asubuhi na ikifika usiku imekwisha, kwa hiyo sijui mambo ya kuweka kabatini. Lakini nakuuliza mawili. Umepikia sufuria gani? Na pilipili umesaga na nini mara hiyo ya tatu?

BintiWaKuze

Dada, mara mbili za kwanza nilipikia chungu cha udongo cha bibi. Mara ya tatu nilitaka kupika nyingi, nikatumia sufuria kubwa ya alumini. Na kwa kuwa zilikuwa nyingi, nikatia blenda.

UmmKarai

Basi uchungu umeupata hapo. Ukwaju si ndio tunaosafishia masinia ya shaba Idi ikikaribia? Unasugua mara moja, sinia linang'aa. Sasa kitu kinachokwangua shaba namna hiyo, ukikichemsha nusu saa ndani ya alumini, unadhani alumini inabaki salama? Tazama chini ya sufuria yako, utaona imekuwa nyeupe safi pale mchuzi ulipofika. Ile iliyotoka imeingia kwenye pilipili. Pikia chungu, au sufuria ya stili.

Blenda nayo inavunja mbegu. Mbegu ya pilipili na ya tungule ikivunjika ina uchungu wake. Kinu kinaponda nyama na kuziacha mbegu nzima. Kama huna nguvu za kutwanga, tumia blenda kwa kugusa tu, washa na kuzima, kisha pitisha kwenye chujio.

MzeeWaFeri

Mwanangu, Mungu amrehemu bibi yako. Nami nina la kusema, usinikasirikie. Pilipili ya ukwaju haitiwi tungule. Ukwaju, pilipili, chumvi, sukari guru, basi. Ukitia tungule hiyo ni pilipili ya tungule yenye ukwaju, ni kitu kingine. Sisi tuliokulia Likoni tulikuwa tunakula mihogo ya kuchoma pale feri kwa pilipili ya ukwaju nyepesi kama maji, unamwagia juu, inaingia ndani ya mhogo. Hii nzito imekuja baadaye.

BintiWaKuze

Shikamoo ami. Sikasiriki hata kidogo. Hiyo nyepesi naijua na naipenda, kwa mhogo wa kuchoma uliopasuka katikati hakuna inayoishinda, na ndimu juu. Lakini kiazi karai kina ganda la unga na bizari. Ukimwagia kitu chepesi, ganda linalowa na kuvunjika mkononi kabla halijafika mdomoni. Bibi aliifanya nzito ili ishike juu ya kiazi. Mama asema tungule zilikuwa za kuipa mwili, ukwaju peke yake ukiupika mpaka uwe mzito unakuwa mkali mno na kushika meno. Kila moja na chakula chake.

MzeeWaFeri

Marahaba. Hapo umenijibu vizuri. Nimekubali kwa kiazi karai. Kwa mhogo sijakubali.

TichaKemia

Nafundisha kemia Changamwe, na kwetu pia achari na pilipili zinapikwa kila Ramadhani, kwa hiyo suala la povu nalijua kwa pande zote mbili.

Dada, kuna maadui wawili tofauti na hawauawi kwa njia moja. Adui wa hatari ni bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Sumu yake inapooza mwili na inaweza kuua, na huwezi kuiona wala kuinusa. Yeye hapendi uchachu, na uchachu hupimwa kwa pH, namba ikishuka uchachu umezidi. Chakula chenye pH ya 4.6 au chini yake hakimruhusu kuota. Ukwaju una asidi nyingi inayoitwa tartariki, kwa hiyo pilipili yenye ukwaju wa kutosha iko salama upande huo. Lakini tungule zilizoiva sana asidi yake ni ndogo, na zinakaribia mpaka huo huo. Kila unapoongeza tungule na maji, unausogeza mchuzi kuelekea upande wa hatari. Kanunue karatasi za kupimia pH kwenye duka la vifaa vya maabara, uchovye, uone. Lenga 4 au chini yake.

Adui wa pili ndiye aliyekufanyia povu. Ni hamira, jamaa wa hii ya mandazi, wako hewani na kwenye maganda ya matunda. Hao uchachu hauwatishi. Wakipata sukari wanakula na kutoa hewa, ndiyo iliyopuliza kifuniko. Dawa yao ni moto. Je, chupa uliziandaa vipi?

Na nikiwa hapo, nawasihi wote wanaosoma. Thomu mbichi ndani ya mafuta, ikiwekwa kabatini nje ya friji, ni mahali anapopapenda sana huyo wa kwanza. Hakuna uchachu na hakuna hewa. Nimeona watu wakipeana vichupa vya thomu na pilipili ndani ya mafuta kama zawadi. Hivyo vikae kwenye friji na viishe ndani ya siku chache.

BintiWaKuze

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Chupa nilizisafisha kwa sabuni, nikazipangusa ndani kwa kitambaa cha jikoni, na mchuzi niliutia ukiwa umepoa. Nikisoma ulivyoandika naona mwenyewe nilipokosea. Mama naye nimemuuliza, akasema bibi alikuwa anachemsha chupa kwenye sufuria kubwa pamoja na vifuniko, na mchuzi uliingia ukiwa bado unatokota. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akasema, "Nilidhani unajua. Chupa si lazima ichemshwe?"

Ukwaju nao, mara ya kwanza niliuongezea maji kwa sababu ulikuwa mzito kuuchuja. Nitapima.

TichaKemia

Bibi alijua. Chemsha chupa dakika kumi, zitoe, usipanguse ndani. Jaza mchuzi ukiwa wa moto kabisa, si chini ya nyuzi 85, funga, na ilaze chupa dakika mbili tatu ili moto ufike kwenye kifuniko. Na chupa ikishafunguliwa, mtu asichovye kipande cha mhogo wala kijiko kilichotoka mdomoni. Mimina kwenye kibakuli.

Msafiri_Doha

Niko Doha mwaka wa nne, mzaliwa wa Mwembe Tayari. Nimesoma uzi huu nikiwa kazini na mate yananitoka. Huku ukwaju ninaoupata umeshatolewa kokwa, umekandwa kama tofali ndogo ndani ya plastiki, unatoka Thailand. Nitumie kiasi gani? Na sukari guru nimeiona kwa Wahindi lakini ni nyeusi sana kuliko ya kwetu.

BintiWaKuze

Kaka, pole na ugeni. Nilizipima kokwa na nyuzi zilizobaki kwenye chujio, zilikuwa kama gramu 100 kati ya 250. Kwa hiyo wa kwako anza na gramu 150. Lakini onja, maana ukwaju unaotoka Thailand mwingine ni mtamu. Huku mimi nanunua Marikiti kwa wauza viungo, ule mweusi wa zamani unaotoka Ukambani. Mweusi wa kunata ndio wenye uchachu uliokomaa. Ule wa hudhurungi isiyokoza bado mchanga.

Sukari guru nyeusi ni sawa, punguza kidogo tu. Ya kwangu nilipewa nyeusi mara moja na mama akaipenda zaidi.

MzeeWaFeri

Binti, nimekuwa nikiuwaza uzi huu tangu jana. Mimi miaka hiyo nilikuwa napeleka samaki Mji wa Kale asubuhi, nikipita Kuze nikitoka upande wa bandari ya majahazi. Nakumbuka nyumba moja, sijui kama ndiyo yenu, ilikuwa na nyungo juu, penye kamba za nguo, na zile nyungo zilikuwa nyekundu tupu. Nilidhani ni pilipili za kukausha kwa ajili ya kuuza. Je, bibi yako alikuwa anaanika pilipili?

BintiWaKuze

Ami. Ami, sijui nikushukuru vipi.

Nimesoma ujumbe wako nikiwa nimekaa na mama sebuleni. Nimemsomea kwa sauti. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, zilianikwa. Kila siku." Nikamwambia, mama, mwezi mzima tunapika hujanitajia kuanika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema, "Uliniuliza inapikwaje. Kuanika si kupika. Kuanika ni kazi ya jana."

Hapo nikaelewa kwamba nimekuwa nikiyaanza mapishi yake kutoka katikati. Mimi nilimfuata jikoni. Jikoni pilipili zilikuwa zikifika zimeshafanyiwa kazi juu ya nyumba, na yeye tangu utotoni alizikuta hivyo kwenye ungo. Hakuwa na sababu ya kuzitaja kama mimi nisivyokuwa na sababu ya kutaja kwamba wali huoshwa mchele kwanza.

Basi nikakaa chini kwa upole, nikaacha kuuliza "inapikwaje", nikauliza, "Siku moja kabla ya kupika, bibi aliamka akafanya nini?" Yametoka mengi ambayo sijayasikia maishani mwangu.

Pilipili zililetwa asubuhi. Zilioshwa, zikakaushwa kwenye kitambaa, zikapasuliwa mara moja kwa urefu kwa ncha ya kisu, bila kutolewa mbegu. Zikapakwa chumvi, zikatandazwa kwenye ungo, ungo ukapandishwa juu. Magharibi ziliteremshwa na kuwekwa ndani ya bakuli la udongo, zikafunikwa kawa na kukaa usiku. Asubuhi zimetoa maji mekundu. Yale maji hayakumwagwa, yaliwekwa pembeni, na pilipili zikarudi juani siku ya pili. Siku ya tatu ndipo zilipoingia kinuni, na yale maji yakarudishwa chunguni. Kwa vile aliuza kila siku, alikuwa na nyungo tatu, moja ya leo, moja ya jana, moja ya juzi. Ndiyo nyungo ulizoziona, ami.

Ukija Kusi na mvua za masika, jua halipo na hewa ina unyevu. Mama asema hapo ungo uliwekwa juu ya jiko la makaa lililoishiwa, moto umelala jivuni, usiku kucha. Zilizoonekana zina ukungu zilitupwa zote, si kuchaguliwa.

Sasa hivi tuko Kaskazi, jua liko kali kutoka asubuhi. Nimeshapandisha ungo wa kwanza.

UmmKarai

Subhanallah. Nimeisoma hii mara mbili. Kumi na moja miaka nauza, na mamangu alikuwa akiweka pilipili dirishani na chumvi, nikidhani anaziepusha na mdudu.

TichaKemia

Hii "kazi ya jana" ndiyo iliyokuwa ikilinda chupa zake kwa nusu. Kuanika kunaondoa maji, na chumvi inayavuta yaliyobaki yatoke, kwa hiyo sukari na harufu ya pilipili vinakuwa vizito zaidi kwa kila gramu. Halafu usiku ule ndani ya bakuli, na joto letu la Mombasa, bakteria wa maziwa lala wanaanza kazi kidogo. Hao ni rafiki, wanatengeneza asidi yao. Ndio wanaoleta ile harufu inayotangulia.

Pima chumvi, kwa sababu ndiyo inayochagua nani aishi. Kwenye gramu 300 za pilipili tia gramu 9, yaani asilimia 3. Chini sana, wabaya wanapata nafasi.

Msafiri_Doha

Mwalimu, kuna jambo nimekuwa nikilijiuliza. Mara nyingine pilipili nne zinanitoa machozi, mara nyingine kumi hazisemi kitu. Hivyo vipimo vya gramu vinasaidia kweli?

TichaKemia

Swali zuri. Gramu zinapima uzito, hazipimi moto. Moto ni kitu kinachoitwa kapsaisini, na kingi kinakaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, si ndani ya mbegu zenyewe. Kinatofautiana kwa aina, kwa mti, hata kwa maji mti uliyopata. Mwaka 1912 Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo chake. Alizimua maji ya pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji waseme hawausikii moto tena, akahesabu amezimua mara ngapi. Kwa kipimo hicho pilipili kichaa huwa kati ya elfu hamsini na laki moja hivi, na zile za mviringo tunazoita pilipili mbuzi zinaweza kupita hapo mara mbili au tatu. Nyumbani ulimi wako unatosha.

BintiWaKuze

Ndivyo afanyavyo mama. Anapasua moja, anagusa ule utando kwa ncha ya ulimi, kisha anasema "tia zote" au "toa nne". Nimeiandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Pilipili zenyewe tunachanganya. Nyingi ni zile ndefu nyekundu za sokoni, na kiganja kimoja cha pilipili kichaa kutoka uani kwetu. Hizi za uani hakuna aliyezipanda. Shore wanakuja kuzila na kuacha mbegu chini ya ukuta, na mti unaota. Nilikuwa nikishangaa ndege mdogo vile anazimeza vipi.

TichaKemia

Ndege hausikii moto wa kapsaisini. Mnyama anayetafuna na kusaga mbegu ndiye anayefukuzwa, ndege anayemeza na kwenda kuziangusha mbali ndiye anayekaribishwa. Na mmea huu asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Kwenye pwani yetu umefika baada ya Wareno kuanza kupita, na Vasco da Gama alifika Mombasa 1498. Kabla ya hapo wazee wetu wakisema pilipili walikusudia hii tunayoiita leo pilipili manga. Mgeni alipokuja alichukua jina, na mwenyeji akaongezewa "manga".

MzeeWaFeri

Hilo la jina sikulijua. Ahsante mwalimu.

Binti, mikono yako iko vipi? Kupasua pilipili gramu mia tatu si mchezo.

BintiWaKuze

Ami, siku ya kwanza usiku mzima mikono iliwaka, na nilijisahau nikagusa jicho. Nilikuwa nikinawa maji tu, na maji yalizidi kuutawanya moto.

UmmKarai

Maji hayafai, huo moto unakaa kwenye mafuta. Paka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kushika kisu. Ukimaliza paka tena, sugua vizuri, ndipo ufuate sabuni ya vyombo. Mdomo ukiwaka kunywa maziwa au mtindi. Na mtoto mchanga usimshike siku hiyo.

BintiWaKuze

Narudi na matokeo, jamani. Nimepika Jumapili.

Nilianika gramu 300 na chumvi gramu 9. Baada ya siku mbili za jua zilikuwa gramu 165, zimenywea, zinanata, na harufu yake si ya pilipili mbichi tena, inakaribia ya zabibu kavu yenye chumvi. Maji mekundu yalikuwa vijiko vinne. Kwa chupa mbili nimetumia gramu 90 za hizo zilizoanikwa badala ya 150 mbichi, pamoja na maji yake, na chumvi nikaipunguza kutoka 25 hadi 20.

Tungule nimezipunguza hadi gramu 400, ukwaju sikuongeza maji. Nimetwanga kwa kinu. Chungu kile kile cha bibi. Imepikwa dakika 35, nikikoroga bila kuacha zile kumi za mwisho, kwa sababu sukari guru ikishika chini ladha ya kuungua haiondoki. Bizari nimeitia dakika tano kabla ya kuepua. Karatasi ya pH imesoma kati ya 3 na 3.5. Kwa kulinganisha, nilipima kichupa kilichobaki cha mara ya kwanza kabla ya kukimwaga, kilikuwa kimepita 4. Chupa zimechemshwa, zimejazwa moto, zimelazwa.

Jirani wa chini amepanda ngazi kuuliza tunapika nini. Mtu huyu anaishi hapa miaka mitatu, hajawahi kupanda.

Mama hajaionja bado. Amesema ikae kwanza siku saba, "pilipili ya leo haina adabu".

Msafiri_Doha

Nami nimejaribu, dada. Nyungo sina, nilitandaza kwenye trei juani kwenye roshani, na jua la huku halina masihara, siku moja ilitosha. Niliwaita vijana wa Mombasa na Lamu tunaokaa nao, tukala na viazi. Kuna mmoja ametoka nje kumpigia mamake simu.

UmmKarai

Dada uiuze hii.

BintiWaKuze

Nimeambiwa na wengi, lakini kwa sasa hapana. Kuiuza dukani ndani ya chupa kunataka alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na vyeti vya afya vya kaunti, na sawa kabisa iwe hivyo, baada ya aliyotueleza mwalimu. Kwanza nataka niweze kuipika mara kumi mfululizo itoke moja.

MzeeWaFeri

Siku saba zimepita, binti. Mama amesemaje?

BintiWaKuze

Ami, jana baada ya magharibi nilikaanga viazi karai vichache, nikafungua chupa mbele yake. Haikupuliza. Nikammiminia kwenye kibakuli. Akachukua kiazi kwa vidole vyake vile vilivyovimba, akachovya, akala. Hakusema neno. Akala cha pili, na cha tatu. Mimi nimesimama tu, mwiko mkononi.

Alipomaliza alinawa, akapangusa mikono kwa leso, akaniuliza, "Za kesho umeshaanika?"